Siku tano za Oscar Kambona

Uwanja wa Mnazi Mmoja umekaa katikati ya mitaa miwili. Upande wa Kariakoo kuna Lumumba, uliokuwa ukiitwa New Street enzi za Mwingereza. Upande wa mjini kuna Bibi Titi Mohamed, ambao wakongwe wa jiji bado huuita UWT. Mtaa wa kwanza una jina la Mkongo ambaye hakupata kuishi hapa. Wa pili una jina la mwanamke ambaye Mahakama Kuu ya nchi hii ilimhukumu kifungo cha maisha kwa kosa la uhaini.

Kila nikikatiza uwanja huo kwenda sokoni namkumbuka mtu wa tatu. Njama iliyompeleka Bibi Titi gerezani ilikuwa, kwa maelezo ya waendesha mashtaka, njama ya mtu huyo. Ofisi ya chama iliyopo Lumumba aliitumikia tangu TANU ikiwa changa, haina magari wala mishahara. Na kwa siku chache za Januari 1964, Rais akiwa mafichoni na askari wakiwa barabarani, serikali iliyokuwa ikionekana kwa macho ilikuwa ni yeye. Nimeizunguka Kariakoo yote, Msimbazi, Mkunguni, Sikukuu, Narung'ombe, Aggrey, Livingstone, Tandamti. Jina la Oscar Kambona sijakutana nalo kwenye kibao hata kimoja.

Siku hizi kigogo akiondolewa madarakani tunasema ametumbuliwa, na jioni hiyo hiyo kijiwe cha kahawa kinampanga mrithi wake. Kambona hakutumbuliwa. Alijiuzulu, akapanda gari na familia yake wakaelekea Nairobi, na kutoka hapo London. Alikaa huko miaka 25. Wazee wa vijiweni ukiwatajia habari hiyo hugawanyika pale pale, kashata ikiwa bado mdomoni: kuna wanaosema alikuwa msaliti, na kuna wanaosema alikuwa mtu pekee aliyethubutu kumwambia Mwalimu hapana. Mimi siko upande wowote kati ya hizo mbili. Nadhani anguko lake lilianza mapema zaidi, siku aliyoiokoa serikali.

Alizaliwa mwishoni mwa miaka ya 1920 kando ya Ziwa Nyasa, karibu na Mbamba Bay, mtoto wa kasisi wa Kianglikana, David Kambona. Ukanda ule wa ziwa ulikuwa eneo la wamisionari wa Kianglikana wa UMCA, na mtoto wa kasisi alikuwa na njia mbele yake: Liuli, kisha Alliance ya Dodoma, kisha Tabora. Tabora ndiko alikokutana na Julius Nyerere, ambaye wakati huo alikuwa akifundisha St. Mary's. Mmoja Mkatoliki na mwingine Mwanglikana, wote wametoka kwenye makabila ambayo hayakuwa makubwa wala yenye sauti. Tofauti ya miaka haikuwa kubwa. Wakawa marafiki, na urafiki huo ndio mtaji mkubwa kuliko wote ambao Kambona alipata kuwa nao katika siasa. Mtaji wa namna hiyo hauna hati, na huwezi kuupeleka kwa mwingine ukikukatikia.

TANU ilizaliwa Julai 7, 1954 katika jengo la New Street ambalo wanachama wa African Association walilijenga kwa mikono yao miaka ya 1930. Anayeijua Kariakoo ya leo, yenye maghorofa yaliyobanana na mikokoteni inayogombea njia na bodaboda, inabidi ajikumbushe Kariakoo ya siku zile: nyumba za Kiswahili za vyumba sita, ukumbi katikati, kibaraza mbele, ua nyuma. Jina lenyewe lilitokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Kiafrika wa Vita Kuu ya Kwanza waliowekwa hapa na Waingereza. Msimamizi wa soko alikuwa Abdulwahid Sykes, mtoto wa Kleist Sykes aliyekuwa mstari wa mbele kuliinua lile jengo la New Street. Nyerere alipoacha ualimu Pugu mwezi Machi 1955 kwa sababu wakoloni walimtaka achague kati ya chaki na siasa, alifikia nyumbani kwa Abdulwahid, hapa hapa Kariakoo.

Mwalimu, kwa maneno mengine, alipokelewa na watu wenye mji wao. Walikuwa na nyumba, na biashara, na jamaa kila mtaa, na ngoma zao. Bibi Titi alikuwa mwimbaji wa kikundi cha Bomba kabla hajawa mwanasiasa, na alipoanza kuwaita wanawake kwenye mikutano walikuja kwa sababu walikwisha kuizoea sauti yake. Kambona hakuwa na kitu kama hicho. Alikuja kutoka mbali, akawa katibu mwenezi wa chama kisicho na fedha, kazi aliyoianza kwa kujitolea. Matawi, kadi, ada, barua, safari za basi na za miguu. Chama kilikuwa kimejaa wasemaji. Yeye alikuwa mpangaji, na mpangaji humjua kila mtu. Kila mtu humjua pia, lakini kama mtu wa fulani.

Mwaka 1956 alikwenda London kusomea sheria. Aliporudi uhuru ulikuwa mlangoni, na alipanda haraka: Waziri wa Elimu mwaka 1960, Mambo ya Ndani mwaka 1962, kisha Mambo ya Nje na Ulinzi kwa pamoja mwaka 1963. Ukatibu Mkuu wa TANU ulikuwa wake vilevile. Mei 1963 wakuu wa Afrika walipounda Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) pale Addis Ababa na kuamua kwamba Kamati ya Ukombozi iwe na makao yake Dar es Salaam, mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa Kambona. Kila mpigania uhuru aliyeshuka hapa kutoka kusini, akitafuta fedha, bunduki au hata chumba cha kulala, alilazimika kupita kwake au kwa watu wake. Hakuwa na miaka 40.

Harusi yake nayo ilikuwa ya kigogo. Mwaka 1960 alimwoa Flora Moriyo, aliyepata kuwa Miss Tanganyika, katika Kanisa Kuu la St. Paul's mjini London, na Nyerere, Waziri Kiongozi wa Tanganyika, alisimama naye. Mtoto wa kasisi wa Ziwa Nyasa, katika kanisa lile! Ukitoka mlangoni mwa kanisa hilo, hatua chache tu, unaingia barabara inayoitwa Cheapside. Jina hilo ukilirudisha kwenye Kiingereza cha kale linamaanisha sokoni. Ilikuwa Kariakoo ya London, na ndiko alikozaliwa, karibu mwaka 1120, mtoto wa mfanyabiashara aliyeitwa Thomas Becket.

Huyo naye inafaa tumtazame kidogo, maana Waingereza wamemsimulia kwa miaka zaidi ya 800 na bado hawajamchoka. Becket hakuwa wa ukoo wa kitawala. Alikuwa karani hodari, na mwaka 1155 Mfalme Henry wa Pili akamfanya mkuu wa makarani wake, mshika mhuri wa nchi. Wakawa wandani: walikula pamoja, wakawinda pamoja, na mtu asiyemjua Becket hakumfikia mfalme. Mwaka 1162 mfalme akaona amsimike pia kuwa Askofu Mkuu wa Canterbury, ili kanisa na serikali viwe katika kiganja kimoja. Hesabu ikamgeuka. Becket akaanza kumpinga mfalme kwa ajili ya kanisa, na mwaka 1164 akakimbilia Ufaransa. Mfalme, kwa kumkosa mwenyewe, akawafukuza nchini ndugu zake na watu wa nyumbani kwake. Becket alirudi baada ya miaka sita, na Desemba 29, 1170 mashujaa wanne wa mfalme wakamuua ndani ya kanisa lake.

Sisemi Kambona alikuwa Becket. Hakuwa mtakatifu, na Nyerere hakumtuma mtu na upanga. Ila palipo na mtawala na mwandani wake, mambo fulani hujirudia hata kama lugha ni tofauti, na mojawapo ni hili la ndugu. Tutalifikia.

Kwanza Januari 1964.

Usiku wa Jumapili kuamkia Jumatatu tarehe 20, askari wa kikosi cha kwanza cha Tanganyika Rifles katika kambi ya Colito, ambayo leo tunaiita Lugalo, waliwakamata maofisa wao wa Kiingereza na kuwafungia. Kisha wakapanda magari wakaja mjini. Siku nane nyuma yake serikali ya Zanzibar ilikuwa imepinduliwa, na polisi wapatao 300 walikuwa wamevushwa kwenda kusaidia usalama huko, kwa hiyo mji ulikuwa hauna mlinzi wa maana. Hadi kunakucha askari walikuwa redioni, uwanja wa ndege na kwenye lango la Ikulu.

Walichokitaka kilieleweka na kila mtu. Nchi ilikuwa imepata uhuru Desemba 1961, na bado kambini amri zilitolewa na Mwingereza. Askari wa kawaida alilipwa shilingi 105 kwa mwezi, wakataka 260. Wakataka na maofisa Waafrika, tena siku hiyo hiyo. Ungewauliza watu wa Kariakoo asubuhi ile, wengi wangesema madai hayo ni ya haki. Lakini mdai alikuwa ameshika bunduki, na mwenye bunduki huwa na madai mapya kila baada ya saa moja.

Mlinzi mkuu wa Rais, Peter Bwimbo, aliwatoa Nyerere na makamu wake, Rashidi Kawawa, Ikulu na kuwavusha Kigamboni. Ulikuwa uamuzi wa busara. Rais akikamatwa serikali imekwisha. Lakini lazima mtu fulani abaki na kuzungumza na wale askari, na Waziri wa Ulinzi alikuwa Oscar Kambona. Alikwenda. Walimzunguka, wakampigia kelele, wakamtaka akubali kila kitu pale pale. Kwa muda ule hakuwa na jeshi lolote nyuma yake, kwa sababu jeshi lenyewe ndilo lililokuwa mbele yake. Alikuwa na mdomo tu. Akakubali kwamba maofisa Waingereza wasafirishwe kwenda Nairobi, akakubali kamanda Mwafrika, kuhusu mshahara akaomba wakati wa mazungumzo, akawasihi warudi kambini. Kisha akaenda redioni akawaambia wananchi kwamba ugomvi ulikuwa kati ya askari na maofisa wao, na kwamba serikali ipo.

Huku mitaani mambo yaliharibika. Maduka ya Wahindi na Waarabu yalivunjwa na kuporwa, na kabla siku haijaisha watu zaidi ya kumi walikuwa wameuawa mjini. Wenye umri wa kukumbuka wanakwambia juu ya majora ya vitambaa yaliyoburutwa barabarani na masanduku ya sabuni yaliyobebwa vichwani mchana kweupe. Watu walikuwa wakiulizana Mwalimu yuko wapi. Jibu la kweli hakuna aliyekuwa nalo isipokuwa wachache waliomficha, na swali lile lilivyozidi kurudiwa ndivyo jina la Kambona lilivyozidi kuwa kubwa.

Sauti ya Nyerere ilisikika redioni siku iliyofuata, na baadaye akaonekana mjini, akapita akitazama maduka yaliyovunjwa. Siku hizo hizo kikosi cha Tabora nacho kikaasi. Mwishowe serikali ikafanya jambo ambalo Nyerere mwenyewe aliliona ni aibu kwa taifa huru: ikawaomba Waingereza msaada. Alfajiri ya Januari 25 makomando waliruka kwa helikopta kutoka meli HMS Centaur hadi Colito. Mambo yaliisha kwa muda mfupi. Zilikuwa zimepita siku tano.

Fikiria hesabu ya siku hizo tano kama ungekuwa wewe ndiye umerudi Ikulu. Mwandani wako amebaki mjini peke yake na jeshi lililoasi. Amezungumza nalo, amelitengenezea makubaliano, ametangaza redioni. Angetaka kiti chako angeweza angalau kujaribu kukikalia, na hakujaribu. Umshukuru? Bila shaka. Lakini kuanzia siku hiyo, wewe na yeye na kila mtu mjini mnajua kwamba kipo kitu alichoweza kukifanya. Na wapo watu wa kukunong'oneza, maana Ikulu zote zina watu wa namna hiyo: mbona askari walimsikiliza? Mbona hakuguswa? Kwamba alishirikiana na waasi, sijapata kuona ushahidi wake. Lakini tetesi hazina haja ya ushahidi, zinahitaji tu mtu aliyekuwa mahali fulani siku fulani.

Ndiyo maana nasema alianza kuanguka pale. Mtumishi akimfanyia bwana wake jambo dogo hulipwa. Akimwokoa, deni linakuwa kubwa mno, na mdaiwa huanza kuchoka kumwona mdai wake. Becket alimtumikia Henry vizuri kupita kiasi. Kambona naye.

Baada ya Muungano wa Aprili 1964, ulinzi uliwekwa chini ya Kawawa, Makamu wa Pili wa Rais, na Kambona akabaki na mambo ya nje. Septemba mwaka huo likaundwa jeshi jipya, JWTZ, lililojengwa juu ya vijana waaminifu kwa chama. Novemba, Kambona akatangaza kwamba zimepatikana barua zinazoonyesha njama za nchi za Magharibi za kuipindua Tanzania. Mji ukafurika maandamano. Barua zile zikaja kuonekana kuwa za kughushi. Kwa waziri wa mambo ya nje hilo lilikuwa pigo, hata kama siku ile wengi waliamini. Mwaka 1965 nchi ikawa ya chama kimoja kwa katiba, na Katibu Mkuu wa chama hicho kimoja alikuwa yeye. Miaka mingi baadaye alisema kwamba mfumo huo aliupinga. Inawezekana aliupinga vikaoni. Lakini sahihi yake ndiyo iliyokuwa kwenye barua za chama, na hapo utetezi wake sikuzote umenishinda kuukubali wote.

Kisha likaja Azimio la Arusha, Februari 5, 1967. Watu hulikumbuka kwa benki zilizotaifishwa. Kariakoo ililisikia kwa namna nyingine, katika yale masharti ya viongozi: kiongozi asiwe na mishahara miwili, asiwe na hisa katika kampuni, asiwe na nyumba ya kupangisha. Hilo la mwisho liliwachoma watu wa Dar es Salaam zaidi ya wa bara. Mtu wa mjini, hasa mwanamke, hakuwa na shamba la kahawa la kumtunza uzeeni. Alikuwa na vyumba. Nyumba ya vyumba sita, uishi chumba kimoja na vitano upangishe, ndiyo iliyokuwa pensheni ya Kariakoo. Bibi Titi alikuwa na nyumba, na alijitoa kwenye uongozi wa chama badala ya kuziacha. Wengine waliziandika kwa majina ya watoto na maisha yakaendelea.

Kambona hakulipenda Azimio, na kwa maelezo yake mwenyewe alitaka mambo ya ujamaa yajaribiwe kwanza sehemu chache kabla ya kuenezwa nchi nzima. Hoja si ya kipumbavu ukizingatia yaliyovipata vijiji miaka ya 1970. Lakini ndani ya ile bahari ya maandamano ya kuunga mkono, ilikuwa kama kuomba wimbo mwingine katikati ya ngoma iliyokwisha kupamba moto. Kwa wakati huo alikuwa amehamishiwa Tawala za Mikoa. Juni 1967 Nyerere alipobadilisha baraza alipewa wizara nyingine, ndogo kuliko alizozoea, naye akajiuzulu akitaja afya. Wiki chache baadaye hakuwepo nchini.

Ninaamini hapo ndipo alipokosea kuliko popote. Angebaki angeweza kuwa mkulima wa Liuli mwenye ndevu nyeupe, anayetembelewa na waandishi wa habari kila Saba Saba. Abdulwahid Sykes alikaa pembeni, hakupewa cheo cha maana katika serikali aliyosaidia kuizaa, akafa Oktoba 1968 katika mji wake na kuzikwa na watu wake. Kukaa kimya ni adhabu, lakini mtu anaweza kuishi nayo. Kukimbia kulimpa Nyerere kila alichohitaji. Mwalimu aliuliza hadharani juu ya fedha zilizokuwa kwenye akaunti ya aliyekuwa waziri wake, zilizozidi mshahara wa waziri, akamtaka arudi aeleze. Hakurudi. Desemba 1967 ndugu zake wawili, Otini na Mattiya, walikamatwa na kuwekwa kizuizini bila kesi.

Hapo ndipo Henry wa Pili anaponirudia akilini. Karne nane zimepita, bahari na lugha na dini ya kifalme ni vingine, na bado mwandani akikimbia wanaofungiwa mlango ni ndugu zake. Nyerere alikuwa mtu wa haki kuliko watawala wengi wa zama zake, na ndiyo maana jambo hili linaniuma zaidi kwake kuliko ambavyo lingeniuma kwa Amin.

Oktoba 1969 polisi wakakamata watu, na mwaka 1970 ikaanza katika Mahakama Kuu, kule Kivukoni, kesi ya kwanza ya uhaini katika Tanzania huru, mbele ya Jaji Mkuu Telford Georges, mzaliwa wa Dominica. Kizimbani alikuwepo Bibi Titi. Michael Kamaliza, aliyekuwa waziri wa kazi. Gray Mattaka, mwandishi wa habari. John na Eliya Chipaka. Maofisa wa jeshi William Chacha na Alfred Millinga. Kambona alitajwa kuwa mpangaji mkuu. Shahidi aliyetegemewa kuliko wote na serikali alikuwa Potlako Leballo, kiongozi wa chama cha PAC cha Afrika Kusini, mmoja wa wale wapigania uhuru waliofadhiliwa kupitia ile Kamati ya Ukombozi ambayo Kambona alikuwa mwenyekiti wake wa kwanza. Leballo alisema alijifanya mshiriki huku akiitaarifu serikali. Mlango alioufungua Kambona ndio uliomtoa shahidi.

Hukumu ilitolewa mwaka 1971. Bibi Titi, Mattaka na akina Chipaka, maisha. Kamaliza na Chacha, miaka kumi. Millinga aliachiwa. Mwaka uliofuata Nyerere akamsamehe Bibi Titi, akatoka gerezani, akaishi kimya katika mji ambao zamani ulisimama kumsikiliza.

Bibi Titi alisamehewa kwa sababu alikuwepo. Hilo ndilo jambo la ajabu katika hadithi yote hii. Alikuwa na mashoga, na majirani, na wanawake waliomwimbia na kuimba naye. Kila aliyepita Mnazi Mmoja alikuwa na kumbukumbu yake. Aibu ya kumfunga ilikuwa ikitembea mitaani, na serikali ikalazimika kukutana nayo. Henry wa Pili naye, miaka minne baada ya mauaji, alikwenda Canterbury bila viatu akakubali kuchapwa viboko na watawa mbele ya kaburi la rafiki yake. Serikali za siku hizi hazivui viatu. Huandika kibao cha mtaa. Bibi Titi alifariki mwaka 2000, na leo mwendokasi na malori na machinga wa viatu vya mitumba wote wanamtaja bila kufikiri wanapoulizana njia.

Kambona hakuwa na mji wa kumwonea aibu. Alikuwa na nyumba London, na vikundi vya wapinzani waliokuwa wakigombana wenyewe kwa wenyewe, na redio ya kusikilizia habari za nyumbani. Alirudi Septemba 1992, miezi miwili baada ya vyama vingi kuruhusiwa. Watu walimiminika kwenye mkutano wake. Miaka 25 ya kimya huzaa matumaini makubwa, na yeye mwenyewe alikuwa ameahidi kwamba ana ya kusema. Wengine walitaka kusikia Januari 1964 ilikuwaje. Wengine walitaka hesabu ya zile fedha. Badala yake akageukia asili za watu, akidai kwamba Nyerere na Kawawa hawakuwa wa nchi hii, na ushahidi wa kuwaridhisha watu hakuwa nao. Mkutano ule ulimmaliza kuliko kesi. Hakuelewa, nadhani, kwamba wengi wa waliokuja kumsikiliza walizaliwa akiwa hayupo, na kwamba hata wale waliomchoka Nyerere wakati wa foleni za sabuni na unga wa yanga walimwita Mwalimu bila kejeli. Chama chake cha TADEA hakikufika mbali. Alirudi London, na huko alifariki mwaka 1997.

Miaka miwili baadaye, Oktoba 14, 1999, Nyerere naye alifariki London, katika hospitali ya St. Thomas', iliyo ukingoni mwa mto Thames, si mbali na kanisa alilosimama na Kambona siku ya harusi.

Nimelifuatilia jina la hospitali hiyo. Ilianzishwa karne ya 12, na Thomas aliyepewa alikuwa yule yule Becket wa Cheapside, akiwa ametangazwa mtakatifu. Kisha Mfalme Henry wa Nane, ambaye hakupenda kabisa habari za mshauri aliyempinga mfalme, akaamuru mwaka 1538 kaburi lake livunjwe na jina lake lifutwe vitabuni. Hospitali nayo ikafungwa. Ilipofunguliwa tena mwaka 1551 iliachwa iitwe vilevile, St. Thomas, herufi kwa herufi. Walichobadilisha ni maelezo tu: wakasema huyu sasa ni Thomas mwingine, yule mtume.